Bwawa la Samaki Nyumbani (Sehemu ya 2): Udongo Kabla ya Maji

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwa nini mtu wa Mwanza, mwenye ziwa mlangoni, ahangaike kufuga sato. Leo tunashika jembe. Wengi wanaoniuliza habari za bwawa huanza na maji: nitayatoa wapi, nitayavuta kwa pampu gani? Mimi huwarudisha kwenye udongo.

Tazama Mkuyuni, hapa Mwanza. Miteremko yake imekaa chini ya mawe makubwa ya matale, na ardhi yake imetokana na mawe hayohayo, yaliyosagwa na jua na mvua mpaka yakawa mchanga na changarawe. Wasukuma huuita udongo huo luseni. Unalimika vizuri, ila maji haushiki. Mabondeni, kwenye majaruba ya mpunga, ndiko kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaotuamisha maji.

Usikisie, pima. Asubuhi chimba shimo la kina cha kiunoni, ulijaze maji hadi juu. Jioni yatakuwa yamepungua, kwa sababu udongo umekunywa. Lijaze tena, ulifunike kwa matawi, ulale. Asubuhi ya pili ukikuta maji mengi bado yamo, una mahali pa bwawa. Kipimo hiki kifanye kiangazi. Karibu na ziwa, wakati wa masika shimo hujaa lenyewe kwa maji ya chini ya ardhi, ukadhani umebarikiwa. Kiangazi kikija, yanaondoka na samaki wako wanabaki kwenye tope.

Udongo ukikubali, ondoa kwanza majani, mizizi na tabaka la juu, maana mzizi ukioza ndani ya tuta huacha njia ya maji. Jenga tuta kidogo kidogo, tabaka la sentimita 20, shindilia, kisha lingine. Ukuta wa ndani ulale: kwa kila mita 1 ya kimo, mita 2 za mlalo. Kina cha sentimita 80 upande mmoja na mita 1.2 upande wa pili kinatosha, na bomba la kutolea maji likae upande wenye kina. Mbuga ina kasoro yake: ikikauka hupasuka nyufa, kwa hiyo panda nyasi fupi juu ya tuta. Mwenye luseni tupu atandike turubai zito la plastiki, na gharama hiyo aihesabu mapema.

Mwenye kiwanja ufukweni asome Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, shughuli za kudumu za kibinadamu zimezuiwa. Naiona ni sheria ya haki. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye makazi ya pwani yake, na bwawa linalomezwa na ziwa halirudishi samaki hata mmoja. Kama utachota maji mtoni au ziwani, kwanza ulizia kibali Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Utunzaji wa kila siku ni wa macho. Maji mazuri yana ukijani. Zamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mbolea imezidi, acha kutia samadi. Pita alfajiri, saa ambayo hewa ndani ya maji huwa kidogo kuliko saa zote. Ukiona samaki wanahema juu, ingiza maji mapya upesi.

Kingo zifyekwe. Majani yaliyolala majini hulea viluwiluwi vya mbu na konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa ambao kanda yetu inaufahamu vizuri mno. Vaa mabuti ukiingia, na watoto wasiogelee humo.

Sehemu ya tatu itahusu vifaranga na chakula. Kabla haijatoka, msomaji wangu, chimba lile shimo la kiunoni.