Tairi Kubwa, Mchanga wa Dadaab na Hesabu ya Nusu

Dereva anayebeba abiria kati ya Garissa na Dadaab ana maadui wawili chini ya gari lake: mchanga wakati wa kiangazi, matope mvua inaponyesha. Ndiyo maana mafundi wa matairi mjini Garissa wamezoea ombi moja: nifungie tairi kubwa, gari liinuke. Ombi lenyewe ni la haki. Gari dogo kama Probox lilibuniwa kusambaza bidhaa kwenye lami ya Japani, wala aliyelichora hakuwa akiwaza njia ya Hagadera. Shida ni kwamba wengi wanaotoa pesa zao hawajui wamenunua kimo cha kiasi gani, na wauza matairi wachache sana huwaeleza.

Jambo hili si dogo kwa watu wa huku. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992, vita vilipowafukuza Wasomali makwao, na leo eneo la Dadaab lina wakimbizi zaidi ya laki tatu, mbali na wenyeji. Kutoka Garissa ni karibu kilomita 100. Wanafunzi, wafanyabiashara, miraa, vipuri, dawa na wagonjwa waliopewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya Garissa, wote hupita njia hiyo. Gari likikalia tumbo mchangani saa nane mchana, mama mjamzito aliye kiti cha nyuma hana pa kujificha jua.

Basi tupige hesabu, maana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Chukua tairi lililoandikwa 175/65R14, saizi iliyo kwenye magari mengi madogo kutoka Japani. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: ukuta wa tairi una kimo cha asilimia 65 ya huo upana, yaani karibu milimita 114. Ya mwisho ni rimu ya inchi 14, ambayo ni milimita 356. Kwa kuwa kuna ukuta juu ya rimu na ukuta chini yake, tairi zima lina kipenyo cha milimita 583. Sasa dereva anafungiwa 185/70R14. Ukuta umekuwa milimita 129 na nusu, na kipenyo kimefika 615. Ameongeza milimita 32, na mwenye duka atamwonyesha tairi mbili zimesimama pamoja ili aone tofauti kwa macho yake.

Lakini gari halisimami juu ya tairi. Limeshikwa na ekseli katikati ya tairi, kwa hiyo linapanda kwa nusu tu ya kile kilichoongezeka. Nusu nyingine imekwenda juu, upande wa fenda, na huko haikusaidii kitu. Inakula nafasi tu. Dereva wetu amepata milimita 16, sawa na upana wa kidole. Mwenye Hilux anayetoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 anapata pungufu ya hapo: milimita 13 tu, kidogo kuliko hata hizo 16 za gari dogo, ingawa tairi zake ni ghali mara kadhaa.

Hapo ndipo wengi wanapokasirika na kusema basi niongeze rimu. Ukubwa wa rimu peke yake hauinui gari. Rimu ya inchi 15 yenye tairi la 195/50 ina kipenyo cha milimita 576, pungufu ya ile 175/65R14 ya mwanzo. Gari limeshuka milimita tatu na ushei, ukuta wa tairi umekuwa mwembamba, na jiwe la kwanza linalokutana nalo linapiga rimu moja kwa moja. Rimu za namna hiyo zinapendeza Nairobi. Ukiziona zikielekea Liboi, mwonee huruma mwenyewe.

Kosa kama hilo hutokea hata kwa magari makubwa. Land Cruiser nyingi za mashirika na za polisi zimevaa tairi nyembamba za 7.50R16, ambazo kipenyo chake kinazidi milimita 800. Anayezivua ili aweke 265/70R16, kwa sababu ni pana na zinaonekana zimejaa, amepata tairi lenye kipenyo cha 777. Watu watalisifu gari kwamba limekuwa kubwa, kumbe difu yake sasa iko chini zaidi ya ilivyokuwa jana.

Neno hilo, difu, ndilo la kulishika. Kila gari lina sehemu yake iliyo chini kuliko zote, na hiyo ndiyo inayoamua kama utapita au utakwama. Kwenye Land Cruiser ya kazi, au nyuma ya Hilux, ni lile boga la difu lililo katikati ya ekseli. Kwenye gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele ni sampu ya oili na bomba la eksozi. Kabla hujatoa hata shilingi, lala chini ya gari likiwa limepakiwa mzigo wake wa kawaida, na upime kwa futi kutoka ardhini hadi hapo. Nasema likiwa limepakiwa kwa sababu gari tupu hudanganya. Watu saba, magunia na keria iliyojaa vinaweza kuikandamiza springi kwa sentimita kadhaa. Zile milimita 16 ulizonunua zimemezwa hata kabla hujavuka kizuizi cha polisi cha kwanza.

Springi na spesa zina hadithi yao. Fundi akikuwekea spesa ya inchi moja na nusu juu ya shokabu za mbele, bodi na injini vinapanda karibu milimita 38, zaidi ya mara mbili ya faida ya tairi. Kwa gari dogo hiyo ni nafuu kubwa, kwa kuwa sampu inapanda pamoja na injini. Ila shafti za magurudumu sasa zinafanya kazi zimepinda, mipira yake inachanika, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia gari likilia tak-tak-tak kila unapokata kona. Tairi kubwa halina ubaya huo, kwa maana linainua kila kitu kwa pamoja bila kubadilisha pembe yoyote. Kwa upande wa Land Cruiser mambo yanageuka: springi ndefu huinua bodi ikaonekana imesimama kishujaa, huku ekseli na difu vikibaki palepale. Difu hiyo haina kingine cha kuiinua ila tairi. Kwa hiyo nikiulizwa, mwenye ekseli nzima namwelekeza kwenye tairi, na mwenye gari dogo namwambia aanze kwa kupunguza mzigo na kubadilisha springi zilizochoka. Springi mpya ya kiwango cha kiwandani mara nyingi hurudisha kimo kingi kuliko tairi lolote litakaloenea chini ya fenda.

Kuenea kwenyewe ni mtihani. Kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, gari likiwa na watu ndani, kisha upite kwenye shimo. Ukisikia tairi linasugua plastiki ya ndani ya fenda, elewa kwamba siku ya mzigo mzito na kona ya ghafla litasugua chuma. Utaona alama yenyewe ukichungulia: mstari mweusi unaong'aa kwenye ukingo wa fenda, na begani mwa tairi mpira umenyolewa. Wapo mafundi wanaokunja ukingo huo kwa nyundo. Kazi hiyo inafaa ikifanywa kwa uangalifu, lakini haiondoi gharama nyingine ambazo macho hayazioni.

Tairi letu la 185/70 limekuwa kubwa kwa zaidi kidogo ya asilimia 5. Mshale ukisoma 80, gari kwa kweli linakwenda 84, na spidi gavana inayohesabu mizunguko ya gurudumu inadanganywa vilevile. Injini inasukuma gurudumu zito lenye mzunguko mrefu, kwa hiyo nguvu ya kuvuta imepungua kwa kiasi hichohicho, na mahali utakapoihisi ni kwenye mchanga uleule uliokupeleka dukani. Klachi inaungua. Breki nazo zinahangaika, kwa kuwa sahani yake ni ileile ya zamani ilhali ardhi inaliburuta gurudumu kutoka mbali zaidi. Dereva wa abiria ayapime hayo yote dhidi ya upana wa kidole.

Na tafadhali, tairi zote ziwe saizi moja, spea ikiwemo. Prado inayoendesha magurudumu yote manne muda wote, ikivalishwa tairi mbili kubwa nyuma na mbili ndogo mbele, inasaga difu yake ya kati kila kilomita. Kwenye Hilux madhara hujitokeza unapoweka foo-bai-foo: ekseli mbili zinazungushwa sawa huku tairi zikitaka kwenda mwendo tofauti, na gia zinakazana. Hata uchakavu ni kimo. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya karibu milimita 8. Yakibaki 2, gari limeshuka milimita 6 pasipo mtu kugusa chochote.

Mchanga sasa, maana hapo ndipo watu wa Dadaab wanapopoteza pesa nyingi kwa kutafuta kimo. Gari halizami mchangani kwa sababu ni fupi. Linazama kwa sababu uzito wake umebanwa mahali padogo. Dawa yake ni kulishusha: toa upepo. Ukitoka presha 35 ukafika karibu 20, tairi linarefuka chini, linatanda kama unyayo wa ngamia, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Tumbo limekaribia ardhi kidogo, na bado unapita. Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyezunguka jangwa la Libya na Misri kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na kuendelea, alikuwa miongoni mwa walioifanya mbinu hii kuwa utaratibu, pamoja na ile ya kutanguliza vipande vya chuma chini ya gurudumu lililokwama. Mwaka 1940 alianzisha kikosi cha Long Range Desert Group, na mbinu hizo zikawapeleka askari mamia ya kilomita ndani ya jangwa. Madereva wa miraa wa huku hawakuhitaji kumsoma. Wengi wanafanya hivyo kwa mazoea.

Matope ni jambo jingine. Mafuriko ya Oktoba na Novemba 2023 yalipoikata barabara ya Garissa kwenda Madogo na kuzifikia kambi, hapakuwa na tairi la dukani ambalo lingelipitisha gari dogo kwenye maji yale. Kwenye tope la kawaida, tairi jembamba na refu hukata hadi kufikia ardhi ngumu, na kila milimita chini ya difu inahesabika. Hapo ndipo wale wenye 7.50R16 wanapowashinda wenye tairi pana, na hapo ndipo ningekubali mtu atumie pesa zake kununua kimo.

Anayetoa upepo mchangani anapaswa kuurudisha kabla ya kugusa lami. Tairi la presha 20 likikimbizwa kilomita 80 kwa saa katika joto la Garissa, ukuta wake unajikunja na kujikunjua bila kupoa, unachemka, kisha unapasuka. Pampu ndogo inayochomekwa kwenye betri inatosha kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na seti ya tairi nne kubwa. Kwa gari la abiria la Dadaab, ningeinunua hiyo kwanza, pamoja na kipimo cha presha, na kuviweka chini ya kiti cha dereva ambapo mzigo hauwezi kuvifunika.