Taa ya Mbele Hainunuliwi kwa Ukali Wake

Mteja anayetafuta taa ya mbele kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, huuliza kwanza bei, halafu huuliza kama taa inawaka vizuri. Swali kubwa kuliko hayo huwa haliulizwi: mwanga wa taa hii utaangukia wapi barabarani? Taa inayomulika sana mahali pasipotakiwa ni mbaya kuliko taa hafifu. Inampofusha dereva anayekuja mbele yako, na wakati huohuo inakudanganya wewe uliyeinunua. Lami iliyo karibu na boneti inang'aa, macho yanazoea weupe huo, na kule mbali anakopita mwendesha baiskeli asiye na taa kunazidi kuwa giza.

Tufanye hesabu kidogo. Taa ya gari dogo ikiwa sentimita 65 kutoka ardhini, na ikainamishwa kwa asilimia 1 kama inavyotakiwa kwa magari mengi, ukingo wa juu wa mwanga wa dimu hugusa lami mita 65 mbele. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Una sekunde 3 hivi za kuona, kuamua na kusimama, na hizo ni chache. Taa hiyohiyo ikiinama kwa asilimia 3, mwanga unaishia mita 22, yaani sekunde moja mbele ya bampa, na hapo hakuna breki itakayokuokoa. Ikiinuka badala ya kuinama, mzigo unamwangukia dereva wa upande wa pili. Tanzania, tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri saa 24 mwaka 2023, dereva huyo wa upande wa pili mara nyingi amebeba abiria zaidi ya hamsini.

Ili uchague vizuri, lazima ujue taa inavyofanya kazi. Watu wengi hudhani balbu ndiyo taa na kile kilichobaki ni kava tu. Sivyo. Balbu inatoa mwanga, lakini kiakisi kilicho nyuma yake, au lenzi ya projekta kwa taa za aina hiyo, ndicho kinachoupanga. Chukua balbu ya H4, ambayo imo kwenye magari mengi sana ya kwetu. Ndani yake mna nyaya mbili za tungsteni, mmoja wa ful na mwingine wa dimu. Chini ya ule wa dimu kuna kibakuli kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga unaogonga sehemu hiyo ndio unaopanda juu na kuingia machoni mwa watu. Aliyekichonga kiakisi alijua waya utakaa wapi, akapima kila mkunjo kufuata sehemu hiyo. Waya ukihama milimita moja au mbili, mpangilio wote umevurugika.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na biashara ya kuchomeka balbu za LED ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Balbu hizo hazina waya. Zina vipande bapa vinavyotoa mwanga kutoka pande mbili, na mara nyingi havikai pale waya ulipokuwa. Maboksi yanajisifia lumeni 20,000, ilhali balbu halali ya H4 hutoa lumeni 1,000 hivi kwenye dimu na 1,650 kwenye ful. Mwanga unaongezeka kweli, lakini unatawanyika hadi juu ya miti. Ujerumani ilipoanza kuruhusu balbu za LED za kubadilishia mwaka 2020, kwa kuanza na ya kampuni ya Osram, ruhusa haikuwa ya magari yote. Ilitolewa kwa magari yaliyotajwa kwenye orodha, baada ya balbu kupimwa ndani ya taa zake. Balbu inayouzwa mezani kwa madai kwamba inaingia gari lolote haijapimwa kwenye gari lako.

Zenoni za kufungia ndani ya taa ya halojeni zina kasoro hiyohiyo. Zenoni iliyotoka nayo kiwandani ni jambo jingine, na ni taa nzuri sana. Ukibadilisha taa ya namna hiyo, hakikisha unayonunua ni ya zenoni pia, ina projekta au kiakisi chake, na balasti yake, yaani kifaa cha kuiwashia, ipo. Mwambie fundi azime swichi na kuchomoa waya wa betri kabla ya kuigusa, kwani zenoni huwashwa kwa volti zaidi ya 20,000.

Jambo la pili linalosahaulika ni upande wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto, kama Japani. Mwanga wa dimu wa taa ya Japani, ukiuangalia ukutani, una mstari ulionyooka upande wa kulia, kisha unapanda kuelekea kushoto. Mpando huo umewekwa makusudi: unamulika ukingo wa barabara, wapita njia na vibao, huku ukikaa chini upande anakotokea mwenzako. Taa ya gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya bara, Marekani au nchi za Ghuba imepangwa kinyume. Ukiifunga gari lako Dar es Salaam au Mombasa, inapandisha mwanga moja kwa moja kwenye macho ya wanaokuja, na kwa kawaida hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Wenzetu wa Bujumbura na Goma wana tatizo hilo kwa upande wa pili: wanaendesha kulia, ilhali magari mengi wanayotumia ni ya Japani na yana taa za kuendesha kushoto. Kwao taa sahihi ni ile iliyotengenezwa kwa kuendesha kulia, ikiwa inapatikana kwa modeli yao.

Haya yote unaweza kuyasoma kwenye kioo cha taa kabla hujatoa pesa. Igeuze taa kwenye mwanga wa jua, tafuta maandishi madogo yaliyochorwa pembeni. Ukiona herufi E yenye namba ndani ya duara, taa imepata kibali cha kanuni za kimataifa, na namba inataja nchi iliyokitoa: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Karibu yake kuna herufi za kazi. HC ni halojeni ya dimu, HR ni halojeni ya ful, HCR ni zote mbili. Zikianza na D badala ya H, taa ni ya zenoni. PL ina maana kioo ni cha plastiki. Kisha tafuta mshale. Ukiwa umeikabili taa kwa mbele na mshale ukaelekea kulia kwako, taa hiyo ni ya kuendesha kushoto. Mshale wenye ncha mbili unafaa pande zote. Taa yenye alama ya E lakini isiyo na mshale wowote ni ya kuendesha kulia, irudishe mezani.

Alama ya DOT peke yake isikutulize. Ni ya Marekani, ambako mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba taa yake inakidhi sheria, bila serikali kuipima kwanza, na nchi hiyo inaendesha kulia. Taa nyingi za soko la ndani la Japani, hasa za miaka ya nyuma, hazina alama ya E. Hizo zitambue kwa jina la kiwanda, Koito, Stanley au Ichikoh, na namba iliyochorwa kwenye kioo. Andika namba ya taa yako ya zamani kabla ya kwenda sokoni. Gari la modeli moja linaweza kuwa na taa za aina mbili au tatu kulingana na mwaka, toleo na kama lilikuja na halojeni au zenoni. Kwa Toyota, ukimpa muuzaji mzuri namba ya chesisi atakutafutia namba ya spea: taa nzima ya kulia kwa kawaida huanza na 81110, ya kushoto 81150. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva.

Sasa, mezani utawekewa mitumba ya Japani, taa mpya za viwanda vya nje vyenye jina, na taa mpya zisizo na jina. Uamuzi wangu ni huu. Mtumba wa Japani wenye kiakisi kinachong'aa na masikio mazima nauchagua mbele ya taa mpya isiyo na jina, hata kama kioo chake kimeanza kufifia. Kioo kinang'arishwa, kiakisi kibovu hakitengenezeki. Taa mpya ya kiwanda kinachojulikana, kama Depo au TYC vya Taiwan, ikiwa na alama ya E na mshale sahihi, inaushinda mtumba uliochoka. Taa isiyo na jina wala alama siinunui kwa bei yoyote. Mkunjo wa kiakisi chake umenakiliwa kwa macho, na plastiki yake huwahi kugeuka njano.

Unapoikagua, angalia ndani kupitia kioo. Kiakisi kiwe kama kioo cha kujitazamia. Ukiona ukungu wa kijivu, malengelenge au doa la kahawia juu ya balbu, taa hiyo ilichomwa na balbu ya wati 100 iliyozidi uwezo wake, au maji yaliingia. Pitisha kidole kwenye mshono wa kioo na kava la nyuma. Gundi iliyotoka nje kwa mabonge inaonyesha taa ilifunguliwa na kufungwa tena kienyeji. Hesabu masikio ya kufungia, kisha tazama kama kuna lililoungwa kwa moto. Zungusha skrubu za kurekebishia. Ikiwa zinazunguka bure na kiakisi hakisogei, taa haitarekebishika kamwe. Vifuniko vidogo vya mpira vya kupumulia viwepo. Mvuke mwembamba unaokauka baada ya taa kuwaka dakika kadhaa si kasoro, lakini matone yanayotiririka ndani ni kasoro. Mwisho omba iwashwe kwa betri, ielekezwe ukutani. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani.

Kabla ya hayo yote, hakikisha unahitaji taa nyingine. Gari nyingi zina taa nzima zinazokosa umeme. Volteji inayofika kwenye balbu ya halojeni ikipungua kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Fundi umeme apime kwenye soketi ya taa injini ikiwa inaunguruma, kisha alinganishe na kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, shida iko kwenye waya, rilei au ethi yenye kutu, na taa mpya nayo itawaka vilevile.

Kioo cha njano nacho si hukumu ya kifo. Plastiki hiyo, polikaboneti, hutoka kiwandani na ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Ngozi ikiisha, unjano unaanza. Wanaosugua kwa dawa ya meno wanaondoa kilichobaki cha ngozi hiyo, na baada ya muda mfupi kioo kinarudi kilivyokuwa au kibaya zaidi. Kazi sahihi ni msasa wa maji, kuanzia mkali hadi mlaini wa 2,000 au 3,000, kisha kupuliza rangi angavu yenye kinga ya jua. Bila hatua hiyo ya mwisho hujafanya kitu.

Kuhusu rangi ya mwanga, usivutiwe na ubuluu. Zenoni za kiwandani huwa na kelvini 4,300 hivi, weupe wenye umanjano kidogo. Za kelvini 8,000 zinaonekana za kisasa, lakini balbu ya wati zilezile hutoa mwanga mdogo zaidi ikiwa ya buluu. Na ukibadilisha taa moja tu, hakikisha inalingana na ya pili kwa kiwanda na aina. La sivyo nunua jozi.

Taa ikishafungwa, kazi haijaisha. Jaza upepo sawa kwenye tairi zote, egesha mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ukutani kwa urefu huohuo, washa dimu. Mstari ulionyooka wa mwanga uwe sentimita 5 chini ya alama, isipokuwa kibandiko cha gari lako kikitaja asilimia nyingine, na mpando uwe upande wa kushoto. Pakia mizigo unayobeba kila siku uangalie tena, kwa sababu nyuma ikishuka, mbele inainuka. Marekebisho hayo ni kazi ya dakika chache kwa bisibisi, na fundi anayetaka kuondoka kabla ya kuyafanya usimlipe kwanza.