Macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi: usikimbilie dawa ya malaria

Msikilizaji, tulipozungumzia saratani hewani, simu nyingi zilihusu titi na mlango wa kizazi. Kuhusu kongosho aliuliza mmoja tu: "Kwani hiyo iko wapi?"

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Hutengeneza majimaji ya kusaga chakula, na insulini inayodhibiti sukari mwilini. Kwa kuwa kimejificha, uvimbe wake haushikiki mapema, na wagonjwa wengi hufika hospitali wamechelewa.

Hata hivyo, dalili zipo. Uvimbe ukiota kwenye kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo inayotoka kwenye ini. Nyongo ikikosa njia huingia kwenye damu: macho huwa ya manjano, mwili huwasha, mkojo hufanana na chai ya rangi, choo kikubwa hupauka kama udongo. Sisi wenye ngozi nyeusi, umanjano hauonekani vizuri mwilini. Mtazame mgonjwa weupe wa macho, nje, mchana, si kwa mwanga wa taa. Na kwenye choo cha shimo huwezi kuona rangi ya kitu, kwa hiyo kojoa kwenye kopo jeupe uangalie. Huku pwani tumezoea kichocho, lakini kichocho huleta damu, mkojo ukawa mwekundu. Huu wa nyongo ni wa kahawia.

Dalili nyingine huja kimya kimya. Maumivu ya juu ya kitovu yanapenya hadi mgongoni, yanazidi ukilala chali, yanapungua ukiinama mbele. Mvuvi atasema ni kuvuta nyavu, mama atasema ni vidonda vya tumbo, na dawa za dukani zinaendelea mwezi baada ya mwezi. Kuna kukonda bila sababu. Kuna pia mtu aliyepita miaka 50 anayepata kisukari ghafla huku anapungua uzito.

Sisemi ukiona moja basi una saratani. Homa ya ini na mawe ya nyongo huleta umanjano pia, tena mara nyingi zaidi. Lakini hayo nayo ni ya hospitali. Ukiona macho ya manjano, nenda siku hiyohiyo. Yakiambatana na homa na kutetemeka, usisubiri kuche.

Anzia kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Mweleze daktari yote, hata ya choo, usione haya. Taja sigara, pombe, na kama kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani hii. Ultrasaundi haionyeshi kongosho vizuri kila mara. Dalili zikiendelea, uliza kuhusu rufaa ya kipimo cha CT. Ugonjwa ukithibitika, rufaa huweza kukufikisha Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Uvimbe ambao haujasambaa huenda ukaondolewa kwa upasuaji. Ukishasambaa, madaktari hujitahidi kuupunguza kasi, kutuliza maumivu na kuzibua mrija.

Beba majibu ya vipimo vya zamani na pakiti za dawa ulizotumia. Za mitishamba nazo zitaje.