Sakafu ya Jicho

Ukisimama karibu na kilele cha Victoria Peak, mlima wa Hong Kong wenye mita 552, chini yako kuna maghorofa yaliyobanana, kisha maji ya bandari, kisha Kowloon, na nyuma yake safu ya milima. Gari la reli linalovutwa kwa kebo limekuwa likiwapandisha watu huko tangu 1888. Mzungumzaji wa Kikantoni akitaka kuyasema yote hayo kwa mkupuo mmoja, ana silabi nne: zeon sau ngaan dai.

Hii ni sing jyu, yaani nahau ambayo kwa kawaida huwa na alama nne za maandishi, kila alama na silabi yake. Wachina wengine nao wanayo, ila huitamka kwa namna yao. Zeon ni yote, bila kubakiza. Ngaan ni jicho. Dai ni chini kabisa, na ndilo lililomo katika hoi dai, sakafu ya bahari. Hata njia ya magari inayopita chini ya bandari hiyo, iliyofunguliwa 1972, imebeba hoi dai katika jina lake. Kumbe jicho nalo lina sakafu.

Moyo wa nahau, hata hivyo, ni sau. Ni kitenzi cha kila siku. Kuanua nguo kambani ni sau saam, kupokea fedha ni sau cin, kumaliza kazi jioni ni sau gung. Mandhari basi inaanuliwa yote, ikatuliwa kwenye sakafu ya jicho. Ndiyo maana naumia nikiona nahau hii ikifasiriwa “mandhari ya kupendeza” tu. Kitenzi kimeuawa.

Iko nyingine, jat mong mou zai: tupa jicho mara moja, hakuna ukingo. Hiyo ni ya tambarare na bahari kuu. Mbele ya bandari ile haikai, kwa kuwa milima imeziba. Katika nahau hiyo jicho husafiri kuutafuta upeo. Katika zeon sau ngaan dai jicho limetulia, na bandari nzima ndiyo inayoingia.

Kuhusu matamshi, vijana wengi wa Hong Kong huiacha sauti ya kwanza ya ngaan wakasema aan. Msomaji wa Kiswahili sauti hiyo haimpi taabu: ni ile ile ya ng’ombe.