Kusomea Atomi: Je, Mashini Itakamata Kazi Hiyo?



Kijana anamaliza sekondari, anasema: "Baba, nataka kuwa enjenieri wa atomi." Nyumba inanyamaza. Baba anahesabu franga za masomo. Mama anauliza: "Hiyo kazi iko wapi? Tena wanasemaka ordinatere sasa inafanya yote." Maswali hayo mawili ni ya haki. Tuyajibu moja moja.

KAZI IKO WAPI?

Atomi si mgeni kwetu. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilivumbuliwa mwaka wa 1915, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, Agosti 1945, ilitoka humo. Mwaka wa 1959 reakta ya kwanza ya Afrika iliwashwa Kinshasa, katika iniversite ya Lovanium, kwa ajili ya masomo na uchunguzi. Nyingine yenye nguvu zaidi ilifuata mwaka wa 1972, nayo ikasimamishwa mwaka wa 2004.

Lakini kituo cha kutoa umeme wa atomi Kongo haina. Katika kituo cha namna hiyo urani inapasuka na kutoa joto, joto linachemsha maji, na mvuke unazungusha turbini, kama vile maji yanavyozizungusha kule Mwadingusha. Afrika nzima kituo kinachofanya kazi ni kimoja tu, Koeberg ya Afrika Kusini, tangu 1984. Misri inajenga chake huko El Dabaa. Basi anayetaka kuongoza reakta ya umeme ajue tangu leo kwamba atavuka mipaka.

MASHINI INAFANYA NINI?

Hapa msiogope mbio. Tangu zamani reakta inajizima yenyewe ikiona hatari, kwa sekunde chache, bila kungoja mtu. Hata hivyo tazameni Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilipopiga, reakta zilizokuwa zikifanya kazi zilijizima vizuri. Kisha bahari ikapanda, ikazamisha mashini za umeme wa akiba, taa zikazimika. Wafanyakazi walikusanya betri za magari ili waweze kusoma vipimo gizani. Siku ile kila uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu.

Miaka 13 baadaye, mwaka wa 2024, chombo kinachoongozwa kutoka mbali kilitoa humo kipande cha urani iliyoyeyuka, hata gramu moja hakikufika. Mtu angeingia pale angekufa. Chombo kiliingia, watu wakakiongoza. Ndivyo ilivyo hata katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, kaskazini mwa nchi yetu: mashini inabeba mawe chini ya ardhi, mwenye kuiongoza amekaa juu.

Basi tuseme wazi. Kazi ya kurudilia hesabu ileile, kuchora, kuandika vipimo na ripoti, mashini itaikamata, na imekwisha kuanza. Mwenye kujua hiyo tu ana haki ya kuogopa. Lakini yule anayeweza kuuliza kama jibu la mashini ni la kweli, akaweka sahihi yake na kujibu mbele ya Leta, huyo anahitajiwa bado.

HATARI KUBWA KULIKO MASHINI

Hatari hiyo ni siasa. Ujerumani ilizima reakta zake tatu za mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Desemba ya mwaka uleule, huko Dubai, nchi zaidi ya 20 ziliahidi kusaidia kuongeza umeme wa atomi mara tatu kabla ya 2050. Ubeligiji iliamua mwaka wa 2003 kuuacha, na mwaka wa 2025 ikabadili sheria hiyo. Kijana anasoma kwa miaka mingi, kura moja inaweza kufunga mlango wake au kuufungua.

NJIA YA KIJANA WA KATANGA

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapa kwetu shaba na kobalti mara nyingine hubeba urani ndani, na mionzi yake inapaswa kupimwa kabla kamio hazijavuka mpaka. Hospitali zina mashini za kupiga picha za mifupa. Na pale Shinkolobwe, mgodi ulipokwisha kufungwa kwa amri ya Leta, vijana waliendelea kuchimba kwa mikono. Julai 2004 shimo liliporomoka, wanane wakafa. Nani atawaeleza wachimbaji vumbi ile inafanya nini katika mwili? Kujikinga na mionzi ni kazi halisi ya elimu ya atomi, nayo iko karibu na mlango wetu.

Kwa hiyo, kijana, anza na masomo mapana: fizika, ao umeme na mashini pale Iniversite ya Lubumbashi. Diploma hiyo itakulisha hata atomi ikikataa. Kisha tafuta masomo ya atomi yenyewe: Iniversite ya Ghana ina shule yake tangu 2006, lakini wanafundisha kwa Kiingereza, basi jifunze Kiingereza tangu sasa. Ordinatere usiikimbie. Ijue kuliko wengine, ili uweze kuisahihisha.

Nanyi wazazi, msimkatalie mtoto kwa sababu ya woga, wala msiuze kiwanja kwa sababu ya jina kubwa la kazi. Kaeni pamoja mezani, mumwulize: "Ukikosa reakta, utafanya nini na elimu hii?" Akiwa na jibu, mumsaidie.