Wasee wa Gava Wafunzwe Kazi Kama Mameneja wa Biashara? Soma Hii Kwanza

Ushawahi kufika ofisi ya sirkal saa tatu asubuhi ukapata koti imekalia kiti, na mwenye koti hajulikani ako wapi? Hio koti ndio hufanya watu waseme, "Hawa wapelekwe shule ya biashara!"

Sasa skiza. Shule wanaenda. Kuna Kenya School of Government pale Lower Kabete, ile wazazi wako wanaijua kama KIA, kabla sheria ya 2012 iipatie jina mpya. Msee wa gava akitaka kupanda cheo, mara mob anapitia kozi ya usimamizi huko.

Hata kupimwa kama mameneja, wanapimwa. Enzi ya Kibaki, mwaka wa 2004, mashirika ya serikali yalianza kusaini kandarasi za utendakazi, baadaye zikafika wizarani. Mkubwa anaweka malengo, mwaka ukiisha anapewa alama. Shida ni moja: hayo malengo anakaa chini kuyajadili mwenyewe. Ni kama kujitungia mtihani, alafu tushangae vile umepita.

Lakini kuna mahali mambo ya biashara yalishika kabisa. Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa GPO hapa Nairobi, Novemba 2013. Unachukua namba, unaketi, unaitwa kaunta. 2015 Umoja wa Mataifa ukaipea tuzo. Na wanaokuhudumia hapo si watu walitolewa benki, manze. Ni wafanyikazi wa idara zile zile za gava. Kilichobadilika ni mpangilio: kaunta iko wazi, laini inaonekana, na ukihepa kazi kila mtu anaona kiti yako iko empti. Kwa hivyo mimi naona digrii ya biashara haingewasaidia vile hio kaunta imesaidia.

Alafu kuna kitu biashara haiwezi kufunza. Meneja akiona duka ya mashinani inakula hasara, anafunga, anasonga. Chifu wa Turkana hawezi funga Turkana. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka utumishi wa umma utoe huduma haraka, bila upendeleo na kwa usawa. Hapo hakuna swali la nani ana doh.

Na wewe kama kastoma huna pa kwenda. Ukichoka na Safaricom unahamia Airtel. Ukichoka na ofisi ya vitambulisho, utahamia wapi? Na bila kitambulisho huwezi sajili laini kwa jina lako, huwezi fungua akaunti, kura hupigi. Kazi ndio usiongee. Meneja wa supamaketi anaogopa kukupoteza. Yule wa kuambia "rudi wiki ijayo" anajua utarudi tu.

Kwa hivyo wafunzwe kupanga laini, kuhesabu siku na kuongea na watu poa, hio sina neno. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuwauliza wakilala.

Ukienda next time, angalia ukutani. Ofisi za gava huweka bango la mkataba wa huduma: unahitaji nini, unalipa ngapi, inachukua siku ngapi. Ipige picha. Siku zikipita, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala. Kulalamika huko ni bure.