Kompyuta Inapokosea Hesabu

Mwaka 2005 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alieleza jambo lililowatatiza wenzake waliokuwa wakichambua ripoti za programu zilizoanguka. Baadhi ya ripoti zilionyesha kuwa prosesa ilishindwa kutekeleza amri nyepesi kabisa, ile ya kufanya namba iwe sifuri, ambayo haigusi kumbukumbu wala haina pa kukwama. Wenye kompyuta walipoulizwa, ilibainika kuwa mashine nyingi kati ya hizo zilikuwa zimepandishwa kasi kupita kiwango cha kiwandani. Wengine walizipandisha wenyewe. Wengine waliuziwa dukani zikiwa hivyo na hawakuambiwa.

Ukilielewa tukio hilo, umeelewa ugonjwa wenyewe. Kompyuta iliyopandishwa kasi ikianza kuyumba maana yake inakosea hesabu, na kuzima ghafla ni dalili moja tu ya kosa hilo. Mimi huiona skrini ya bluu kuwa heri, kwa kuwa angalau mashine imesimama na kukujulisha. Ya kuogopwa ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikihifadhi picha za harusi zikiwa na mistari ya ajabu, au faili iliyobanwa leo ikakataa kufunguka mwezi ujao. Kwa hiyo kabla ya majaribio yoyote, nakili kazi zako muhimu kwenye diski ya nje, na unakili ukiwa umerudisha kasi ya kiwandani.

Kwa nini inakosea? Ndani ya prosesa, kila pigo la saa ni muda wa mwisho: umeme uwe umeshapita kwenye njia zake na jibu liwe limetulia kabla pigo linalofuata halijafika. Kwa gigahezi 5, muda huo ni sehemu 0.2 ya nanosekunde. Viwanda huacha akiba kidogo, na akiba hiyo ndiyo wapenzi wa kasi wanayoila. Mwaka 1998 prosesa ya Celeron 300A ya Intel, iliyouzwa kwa megahezi 300, ilipata sifa duniani kwa sababu nyingi zilikubali kukimbia kwa 450, mtu akibadilisha tu kasi ya basi la mfumo kutoka megahezi 66 hadi 100. Akiba ikiisha, jibu huchelewa na prosesa huchukua lililopo, sahihi au la. Dawa iliyozoeleka ni kuongeza volti ili umeme upite haraka, lakini dawa hiyo ina gharama: matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa volti. Kutoka volti 1.20 kwenda 1.35 ni ongezeko la asilimia 27 hivi hata kabla ya kuhesabu kasi yenyewe, na karibu yote huishia kuwa joto.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kurudisha mipangilio yote ya BIOS kama ilivyotoka kiwandani, kisha kuitumia mashine kama kawaida. Nasisitiza yote, kwa sababu watu wengi huapa kwamba hawajapandisha kitu na huku wamewasha XMP, mpangilio wa BIOS unaoikimbiza kumbukumbu kupita kiwango chake rasmi. Hiyo pia ni kupandisha kasi. Kumbukumbu ya DDR4 kwa kiwango chake rasmi hutumia volti 1.2; XMP nyingi huipeleka 1.35 na kuikimbiza kuliko kasi ambayo kidhibiti cha kumbukumbu, kilicho ndani ya prosesa, kimeahidiwa kuiweza. Vijiti vya RAM vinaweza kuwa vizima kabisa na kidhibiti kikashindwa.

Hapa nina neno kwa mafundi wetu. Kompyuta ikiganda, wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Kwenye mashine inayokosea hesabu hilo huongeza madhara, kwa sababu maelfu ya faili za mfumo hupita kwenye mashine hiyohiyo inayokosea zikielekea kwenye diski, na baadhi huandikwa zikiwa zimeharibika. Baadaye hata ukiponya chanzo, dalili zinabaki. Windows ipigwe mwishoni, mashine ikishathibitika kuwa imara.

Kosa likitoweka kwenye mipangilio ya kiwandani, rejesha mipangilio yako hatua kwa hatua ukianza na kumbukumbu, maana kosa lake huvaa sura ya kila kitu: leo kivinjari kinajifunga, kesho gemu, keshokutwa skrini ya bluu yenye namba tofauti na ya jana. Tofauti hiyo ya namba yenyewe ni ushahidi. Weka Memtest86+, programu ya kupima kumbukumbu, kwenye flashi, iwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo na uiache usiku kucha. Kosa moja linatosha kuhukumu; hakuna idadi ndogo ya makosa inayokubalika. Likitokea, pima kijiti kimoja kimoja katika nafasi ileile ya ubao mama, utajua kama tatizo ni kijiti, nafasi, au kasi uliyoitaka.

Kumbukumbu ikipita, geukia prosesa. Prosesa hupimwa vizuri na Prime95, programu iliyozaliwa katika mradi wa kusaka namba tasa za Mersenne. Ubora wake ni kwamba hujikagua: katika hesabu zake, jibu linapaswa kuangukia karibu sana na namba kamili, na likienda mbali programu husimamisha kazi hiyo na kutangaza hitilafu ya mashine. Mashine haikuzima, skrini haikubadilika, lakini umeshajua kuwa hesabu imeharibika. Wakati huohuo fungua Event Viewer ya Windows utafute jina WHEA-Logger. Huko huandikwa makosa ambayo prosesa imeyagundua yenyewe, yakiwemo yale iliyoyasahihisha kimyakimya. Tukio namba 41 la Kernel-Power, linaloshtua wengi, husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa sawasawa; chanzo utakitafuta kwingine.

Mtego mmoja huwapata hata wazoefu. Mashine inapita jaribio zito la muda wa saa nane, kisha inajizima mtu akisoma barua pepe. Prosesa za siku hizi hubadilisha kasi na volti mara nyingi kila sekunde. Kazi ikiwa nyepesi, kiini kimoja huruka hadi kasi yake ya juu kabisa, na kama umepunguza volti ili kupunguza joto, ni hapo zisipotosha. Kwa hiyo jaribio zito pekee halitoshi. Pima kiini kimoja kimoja, na uiache mashine ikae bila kazi usiku mzima.

Joto la chumba nalo lisisahaulike. Nyuzi 10 zikiongezeka chumbani, karibu nyuzi 10 huongezeka kwenye prosesa. Mipangilio iliyopita majaribio mwezi Julai mjini Mombasa au Dar es Salaam haijathibitishwa kwa Februari, na vumbi kwenye kipoozeo huzidisha hali. Na si kila kuzimika hutokana na prosesa au joto: mashine ikikatika ghafla bila skrini ya bluu wakati kadi ya picha inafanya kazi kubwa, shuku pawa saplai kwanza.

Katika yote haya, badilisha kitu kimoja kwa wakati na ukiandike kwenye daftari: kasi, volti, joto, jaribio, matokeo. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja akafanikiwa hajui kilichomponya, na kosa likirudi ataanza upya.

Ikiwa kosa linabaki hata kwenye mipangilio ya kiwandani, usijilaumu mapema. Mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 ziliweza kupewa volti kubwa kuliko inavyostahili na kuchakaa kabla ya wakati. Wachezaji wa gemu walikuwa wakiona ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, kumbe prosesa ndiyo iliyokosea wakati wa kufumua faili zilizobanwa. Marekebisho ya maikrokodi, yaani amri za ndani za prosesa, toleo 0x129, yalitolewa Agosti, na mengine, 0x12B, yakafuata Septemba. Dhamana ikaongezwa miaka 2. Mwenye prosesa ya aina hiyo asasishe BIOS kabla ya jaribio lolote. Marekebisho hayo huzuia uharibifu mpya lakini hayarudishi uliokwisha kutokea, kwa hiyo prosesa inayoshindwa Prime95 kwa kasi ya kiwandani, BIOS ikiwa mpya na RAM imeshapita majaribio, irudishwe kwa aliyeiuza dhamana ikiwa bado hai.